Simu imehesabu dakika 11, refa kaongeza 3: mmeibiwa ngapi hasa?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni meneja wa timu ya mtaani hapa Moshi. Jumapili tumecheza fainali ya kombe la kata, bingwa anaondoka na ng'ombe. Tumefungwa 1-0 kwa penati ya dakika ya 61, straika wao kajirusha kwenye boksi wakati beki wetu kagusa mpira kwanza, uwanja mzima umeona. Kuanzia hapo ikawa ni kulala tu. Kipa wao kalala mara 4, mara ya tatu aligongana kichwa na straika wetu, wa kwetu akaamka fasta akaendelea ingawa usiku alitapika, ila yule kipa akagoma kuamka. Sabu wao katoka anatembea kama bwana harusi. Kijana wetu alikuwa anapima kwa simu tangu mpira unaanza, kila ukisimama anabonyeza, akapata dakika 11. Refa kaongeza 3 tu. Kapteni akamwambia umekula hela, akala nyekundu. Vijana wakataka kutoka uwanjani tukawabembeleza. Mwenyekiti anataka tukate rufaa mechi irudiwe, ada elfu 50 tumeshachanga. Je tuna kesi? Na msimu ujao na sisi tuwafundishe vijana kulala?"

Marahaba mdogo wangu. Ng'ombe na dakika na penati vitasubiri kidogo, kuna kitu umekipitia haraka haraka kama hakina uzito, nacho ndo kizito kuliko vyote. Straika wenu kagongwa kichwa jioni, usiku katapika. Mpeleke hospitali leo, Mawenzi ipo hapo mjini na KCMC sio mbali, usisubiri eti akilala ataamka vizuri. Mtu aliyegongwa kichwa akitapika, au akawa na usingizi usioeleweka, au kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua, au anachanganya maneno, au anaona vitu viwili viwili, huyo hapewi panadol akaachwa. Na mazoezini asirudi mpaka daktari aseme. Kuamka fasta baada ya kugongana ndo tunakusifia uwanjani, "mwanaume huyo", kumbe pale yule kipa aliyebaki chini ndo alifanya kitu sahihi.

Haya, umeshampigia simu? Tuendelee.

Swali lako lina mambo matatu yamefungwa pamoja: muda, penati, na rufaa. Nayafungua moja moja kwa sababu kwenye moja mna haki, kwenye lingine mnayo nusu, na lingine hamna kabisa.

Tuanze na hizo dakika 11. Mimi nimepuliza filimbi miaka 19 viwanja vya Arusha na Moshi kabla magoti hayajagoma, saivi nafundisha waamuzi wachanga, na kila msimu naletewa simu yenye stopwatch. Tatizo la stopwatch ya kijana wenu ni kwamba inabonyezwa kila mpira ukisimama, wakati sheria haisemi hivyo. Mpira kutoka nje ukarushwa, goli kiki, kona, hayo ni mapumziko ya kawaida ya mchezo, hayafidiwi isipokuwa mtu akiyavuta kupita kiasi. Kinachofidiwa ni sabu, kumwangalia majeruhi na kumtoa, kadi, kupoteza muda, kushangilia goli, mapumziko ya maji, na kuchelewa kwingine kunakoeleweka. Ndo maana hata kwenye ligi kubwa za Ulaya, zenye mipira kibao na watoto wa kuokota kila kona, mpira wenyewe unatembea kwa kawaida chini ya dakika 60 kwenye hizo 90. Nusu saa nyingine imeenda wapi? Imeenda kwenye ro, yaani mipira ya kurusha, na goli kiki na watu kupanga ukuta, na hakuna anayeirudisha.

Kingine, kijana wenu alianza kupima "tangu mpira unaanza". Sasa muda uliopotea kipindi cha kwanza unalipwa kipindi cha kwanza, hauhamishiwi cha pili kama deni la dukani. Tukikadiria kwamba dakika 2 na nusu hivi ni za kipindi cha kwanza, na dakika kama 4 ni ro na goli kiki za kawaida, mnabaki na 4 na nusu. Refa kawapa 3. Yaani mlidai dakika moja na nusu, tuseme mbili kama kipa alikuwa na vituko kweli kweli. Mmeonewa, sikatai. Ila dakika 8 hamjaibiwa.

Halafu kuna kitu watu wa mjini wenye taa wanasahau. Hiyo fainali ilianza saa ngapi? Najua fainali zetu, mgeni rasmi anachelewa, kuna hotuba, kuna kupiga picha na ng'ombe, mpira uliotakiwa kuanza saa 10 unaanza saa 11 kasoro. Weka dakika 45, weka mapumziko, weka 45 nyingine, umeshafika saa 12 na nusu na kitu, jua limeshazama, na uwanja hauna hata balbu. Refa akiwa peke yake na wasaidizi wawili, haoni vizuri goli la mbali, mashabiki wameshaingia mpaka kwenye mstari, atakuongezea 3 hata kama saa yake inasema 5. Kisheria kakosea. Mimi nimewahi kufanya hivyo na nikarudi nyumbani salama, nakwambia ukweli.

Watu waliona Kombe la Dunia la Qatar 2022 wakapigwa butwaa, Uingereza na Iran kipindi cha kwanza kikaongezwa dakika 14, wakaanza kuuliza kwanini refa wa kata haongezi hivyo. Pale kipa wa Iran aligongana na mwenzake akatibiwa muda mrefu, na FIFA walikuwa wameshawaambia waamuzi wahesabu kwa ukali. Na kuna mwamuzi wa akiba pembeni, kuna wa VAR wanaorudia picha za video, kuna saa kila mahali. Wa kwenu ana filimbi na saa ya mkononi. Mimi nilikuwa navaa mbili, ya kushoto inatembea haisimami, ya kulia naisimamisha kila mtu akilala, mwisho natoa hesabu. Wengi hawana hata hiyo ya pili.

Jambo moja la kukaa nalo: zile 3 anazotangaza ni za chini, sio za mwisho. Kipa akilala tena ndani ya hizo 3, refa anaweza kuongeza juu yake, kupunguza ndo haruhusiwi.

Sasa kwanini refa hamwamshi tu huyo kipa? Mchezaji wa ndani akitibiwa kwa kawaida anatakiwa atoke nje, arudi kwa ruhusa, na hiyo inawatisha waigizaji kidogo. Kipa haimhusu, kipa anatibiwa pale pale. Na kipa akigongana na mchezaji wa ndani wakahitaji huduma, wote wawili wanabaki. Makocha wanalijua hilo vizuri, kwa hiyo timu ikitaka kupumua anayelala ni kipa, sio winga.

Na refa sio daktari. Ngoja nikupe moja. Uwanja wa vumbi Ngarenaro, timu inaongoza 2-1, zimebaki kama dakika 6, kipa kadaka krosi kadondoka na bega. Alikuwa ameshalala mara mbili kabla ya hapo, zote uongo, mara moja alinikonyeza kabisa. Nikamsogelea nikainama nikamwambia chalii amka bwana, leo umeshalala sana. Akaniangalia tu, hasemi. Nikamshika mkono nimnyanyue. Mkono ule ulikuja laini, hauna nguvu, kama nimeshika kamba, na bega lilikuwa limekaa mbele mahali ambapo bega halikai. Lilikuwa limetoka. Sauti aliyoitoa bado naisikia. Toka siku hiyo sijawahi kumshika mchezaji aliyelala, na vijana ninaowafundisha nawakataza. Kwa hiyo refa akimwita daktari kwa kipa wa mara ya nne, usifikiri kila mara kadanganyika, wakati mwingine anajua kabisa ni uongo ila hataki kuwa yule aliyekosea mara ile moja.

Penye makali ya sheria ni kipa anaposhika mpira. Zamani ilikuwa sekunde 6 na adhabu yake faulo isiyo ya moja kwa moja, ambayo karibu hakuna refa aliyeipuliza maana kupanga ukuta mita 5 kutoka golini ni kuanzisha ugomvi. Kuanzia Julai 2025 ni sekunde 8, tano za mwisho refa anazihesabu kwa mkono juu kila mtu anaona, zikiisha ni kona. Kona tu, haina kelele, inapulizika. Kwenye mechi za kata wengi hawajaizoea, wengine hawajaisikia kabisa. Na mchezaji anayetolewa kwa sabu, toka 2019 anatakiwa atokee kwenye mstari ulio karibu naye, sio kuvuka uwanja mzima anapiga makofi. Huyo bwana harusi wenu alistahili njano, hapo refa wenu alilala yeye.

Penati sasa. Umeandika "kagusa mpira kwanza" kama vile kesi imeisha. Haijaisha. Hiyo kauli imekaa vijiweni miaka na miaka ila kwenye sheria kugusa mpira kwanza hakukusafishi, kinachoangaliwa ni umemwingiaje mtu, kwa uzembe, kwa kutojali, au kwa nguvu iliyopitiliza. Unaweza ukagusa mpira kwa kidole cha mguu na mwili wote ukamzoa mwenzako, hiyo ni penati. Na kinyume chake pia ni kweli, kuguswa sio faulo, mpira ni mchezo wa kugusana.

Kama kweli alijirusha, mara nyingi mwili unasema. Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth kule Uingereza, Paul Morris, alichunguza haya maanguko na akaonyesha mkao mmoja aliouita wa upinde: kifua kimetoka mbele, kichwa nyuma, mikono yote imepaa juu, miguu imekunjwa kwa nyuma. Jaribu mwenyewe kujikwaa njiani, mikono inaenda wapi? Inaenda chini au mbele kukukinga usipasue uso, haipandi mbinguni. Mtu anayeanguka kweli anapambana asianguke, na mara nyingi anaanguka vibaya, hana hata nafasi ya kumtafuta refa kwa macho. Mimi niliwafundisha vijana kuangalia miguu pia: anayedanganya mara nyingi anaukokota mguu wa nyuma kuutafuta mguu wa beki, au magoti yote mawili yanakunjika pamoja kabla ya kuguswa.

Ila shida kubwa ni ile ya katikati, kaguswa kweli kidogo na akaongeza chumvi. Rivaldo mwaka 2002, Kombe la Dunia, Brazil na Uturuki, kapigwa na mpira pajani wakati anasubiri kona, akadondoka kashika uso. Hakan Ünsal aliyeupiga ule mpira akala nyekundu, baadaye Rivaldo akatozwa faini na FIFA. Mpira alipigwa kweli, uso ndo wa kuigiza. Refa akiwa upande wa pili utamwambia nini?

Na refa wenu alikuwa amesimama wapi? Wewe na uwanja mzima mliona kutoka pembeni, yeye alikuwa nyuma ya mgongo wa beki, pengine mita 20, na mshika kibendera kapatikana pale pale uwanjani dakika 10 kabla ya mechi. Siwezi kusema penati ilikuwa halali, sikuwepo. Nasema tu kwamba kukosea pale hakuhitaji kuhongwa. Mpaka VAR ikiwepo watu wanagombana, Aprili 2024 kule Pretoria, robo fainali ya klabu bingwa Afrika, shuti la Aziz Ki wa Yanga limegonga mwamba likadunda kwenye mstari, VAR ipo, goli hakuna, Yanga wakatolewa kwa matuta 3-2 na Mamelodi, na nenda leo kijiwe chochote cha kahawa uliulizie kama limeisha.

Kapteni wenu hana wa kumlaumu. Angesema "ref, haikuwa penati" kwa hasira angekula njano, pengine asingekula hata hiyo. Kusema "umekula hela" ni tusi, nyekundu ya moja kwa moja, na akiwa na bahati mbaya kamati inamwongezea mechi. Kama kuna mwenye ushahidi wa pesa kubadilisha mikono, hilo ni la TAKUKURU, linapelekwa na ushahidi, halipigiwi kelele katikati ya uwanja. Saivi mashindano mengi yanaelekea kwenye utaratibu ule wa Euro 2024, kapteni peke yake ndo anamsogelea refa na wengine wote wanakaa mbali. Kwa hiyo kapteni wenu mchagueni kwa mdomo wake kabla ya miguu yake.

Tuje kwenye rufaa. Sheria namba 5 iko wazi, maamuzi ya refa kuhusu yaliyotokea uwanjani ni ya mwisho, iwe penati, goli au hayo matokeo yenyewe. Dakika za nyongeza vilevile. Mkiandika "penati haikuwa halali na muda ulikuwa mdogo" mtapoteza elfu 50 na mtapata barua ya mistari mitatu. Rufaa inayosikilizwa ni ya mambo yasiyo ya jicho la refa: mchezaji asiyesajiliwa, mamluki aliyecheza kwa jina la mtu, sabu zilizozidi idadi, mchezaji aliyekuwa na adhabu. Kama mna hilo, pelekeni, ila angalieni kanuni za kombe lenu zinatoa masaa mangapi, nyingi hazitoi siku nyingi.

Kuna mlango mmoja mwembamba, refa akikosea sheria yenyewe na sio kukosea kuona. Septemba 2005 Uzbekistan na Bahrain walikuwa wanagombea nafasi ya kwenda mbele kwenye mchujo wa Kombe la Dunia. Uzbekistan wanaongoza 1-0, wanapata penati, wanafunga, ila mwenzao kaingia boksi mapema. Sheria ya wakati ule ilisema penati irudiwe. Refa akawapa Bahrain faulo. Mechi ikaisha 1-0, Uzbekistan wameshinda, wakakata rufaa wapewe 3-0. FIFA wakakubali kwamba refa kakosea sheria, wakafuta mechi yote na kuamuru irudiwe. Ikarudiwa, 1-1. Wakaenda Bahrain, 0-0. Bahrain wakapita kwa goli la ugenini. Yaani waliokata rufaa walikuwa wameshinda, wakashinda na rufaa, wakatolewa. Msomee mwenyekiti hiyo kabla hajalipa ada.

Na kuwabembeleza vijana wasitoke uwanjani, hapo wewe ulifanya kazi kubwa kuliko kocha. Wydad wa Morocco mwaka 2019, fainali ya klabu bingwa Afrika kule Tunisia, goli lao limekataliwa, wakataka refa akaangalie VAR, VAR haifanyi kazi, wakagoma kuendelea. Walikuwa na hoja nzito kuliko ya kwenu. Kesi ikazunguka mpaka mahakama ya michezo ya CAS, kombe likabaki kwa Espérance. Timu ikitoka uwanjani hoja yake yote inageuka kuwa moja tu, kwamba imetoka.

Swali la kulala. Nitakujibu bila unafiki kwa sababu nilicheza kabla ya kupuliza, na nililala. Inalipa wakati mwingine, ningesema hailipi ungenicheka. Ila angalia gharama. Waamuzi wa wilaya moja hawafiki wengi, wanajuana, wanakunywa chai pamoja, timu ikishapata jina la kulala basi siku mchezaji wenu akivunjwa kweli filimbi inachelewa. Na kujirusha ni njano, ukiwa na nyingine unatoka. Kuna njia za kuua muda ambazo hakuna refa atakayekugusa: peleka mpira kwenye kibendera cha kona ukae nao, pigeni pasi nyuma, ingizeni sabu moja moja badala ya zote kwa pamoja, lazimisha ro upande wa mbali. Hizo wafundisheni. Kulala msiwafundishe, wataijua wenyewe tu.

Na mkiwa nyuma kwa goli, dawa ya mlalaji ni kumnyima sababu. Timu iliyofungwa inapaniki, inapiga krosi 20 juu juu, kila krosi kipa anaitoka, anaguswa na bega, anadondoka dakika nzima. Krosi ni zawadi kwa kipa mlalaji. Pigeni chini, pasi fupi kuingia boksi, mashuti ya mbali yatakayomlazimisha aruke na arudi. Kijana mmoja akimbilie mpira kila ukitoka, wengine wasimzunguke aliyelala kumtukana, maana kelele zenu nazo zinakula muda na refa hawezi kuanza mpira mkiwa mmemzunguka.

Kabla ya mashindano yajayo mwende kwenye kikao cha awali, mara nyingi timu zinamtuma mtu asiyejua chochote kwenda kusaini tu. Muulize mwandaaji mbele ya wote: refa ataitumia sheria ya sekunde 8? Watoto wa kuokota mipira ni wa nani? Mipira mingapi? Kule kwenu kuna viwanja mpira ukivuka kona unaingia mfereji, unakwenda nao mpaka kwenye migomba ya watu, dakika 2 zinaondoka hakuna hata aliyelala. Na mechi ianze saa 9 na nusu, mgeni rasmi ahutubie baada ya mpira. Mkikwama na mwandaaji, nendeni chama cha soka cha wilaya ana kwa ana, mkaonane na watu wa waamuzi, waombeni waje waongee na wachezaji wenu jioni moja mazoezini. Nimefanya hivyo na timu za Sakina na Usa River na huwa hawatozi kitu zaidi ya nauli na soda.

Hiyo elfu 50 mliyochanga, nunueni mpira wa pili, na itakayobaki iwe nauli ya straika kwenda kupimwa. Akishaonana na daktari niandikie kaambiwa nini, hasa kuhusu lini anaruhusiwa kupiga kichwa.